Shangazi, tununue wiki ya hoteli kwa kampuni au ya mtumba?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Malindi, nina duka dogo la madera na leso mjini. Mume wangu amestaafu mwaka huu, alikuwa bandarini Mombasa, miaka yote hiyo akija nyumbani wikendi tu. Jumamosi iliyopita mimi nilikuwa kwenye hitma Mambrui, yeye akaalikwa chakula cha mchana kwenye hoteli moja ya ufuoni hapa hapa Malindi. Hoteli yenyewe alikuwa akiuza madafu nje ya geti lake alipokuwa kijana. Magharibi akarudi na faili. Amenunua wiki moja ya kukaa hotelini kila mwaka kwa miaka 20, bei shilingi 780,000, na kila mwaka kuna ada ya matengenezo 48,000. Ametoa arbuni 80,000, zilizobaki atazitoa kwenye kiinua mgongo. Waliambiwa bei ile ni ya siku ile tu, na kwamba wiki hiyo tunaweza kuibadilisha tukaenda Dubai au Uturuki. Nakala ya mkataba ametumiwa Jumatatu, na sasa nangojwa mimi nitie sahihi kama mmiliki mwenza.

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, anafanya kazi hoteli hiyo. Yeye asema tusiwe wajinga, kuna mzee wa Kizungu anauza wiki yake, wiki ya 7, imebakiza miaka 12, na anataka 180,000 tu. Mume wangu hataki kusikia. Asema amevaa mtumba maisha yake yote, safari hii anataka kitu kipya. Tumegombana mpaka watoto wakasikia. Na mimi kwa kweli sioni mapumziko kwangu, kila Disemba nyumba yangu inajaa wageni wa Nairobi na Mombasa mpaka nalala chini. Nimekupigia picha kurasa mbili za mkataba na jedwali la nyuma. Tununue kwa kampuni au kwa mzee?
Mama Madera, Malindi

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumatano na nilikupigia simu jioni ile ile, sikungoja zamu yako ifike kwenye safu, maana jambo lako lina siku za kuhesabu. Niliyokwambia kwa haraka nayarudia hapa kwa ajili ya wengine walioalikwa chakula cha mchana kama mumeo, nao si wachache, kisha niseme yale ambayo simu haikutosha.

Kwanza hizo siku. Biashara hii wenyewe huiita taimshea, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 hapa Kenya imeitaja waziwazi. Aliyetia sahihi mkataba wa namna hiyo anaweza kuuvunja bila kutoa sababu yoyote, tangu siku ya kutia sahihi mpaka zipite siku kumi baada ya kupokea nakala yake ya maandishi. Mumeo alipata nakala Jumatatu, basi hesabu kuanzia hapo. Barua fupi inatosha: jina lake, nambari na tarehe ya mkataba, na kwamba anauvunja na anataka arbuni yake irudi. Aipeleke kwa mkono, agongewe muhuri kwenye nakala atakayobaki nayo, na aitume kwa barua pepe vilevile. Wakimwonyesha kwamba pale chini pameandikwa arbuni hairudi, awajibu kuwa haki iliyotolewa na sheria hiyo haifutwi na kifungu cha mkataba. Wenzetu wa Ulaya wamewabana wauzaji zaidi. Huko mnunuzi ana siku 14, na muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti kabla hazijaisha. Hapa wameshazipokea 80,000, na zitarudi kwa karatasi yenye muhuri. Ahadi tamu za kwenye simu hazirudishi pesa ya mtu.

Nawe usitie sahihi. Hata mumeo akikataa kuvunja, wewe usitie. Mmiliki mwenza ni mdaiwa mwenza, na wewe una duka la kuja kudaiwa.

Sisemi kwamba ametapeliwa. Utapeli sijauona kwenye kurasa ulizonitumia, na ukimwambia hivyo utakuwa umemvunjia heshima bure. Kilichonishtua ni kingine. Wewe umeniuliza mnunue kwa nani, yeye anataka kipya, nduguyo anataka cha bei ya chini, na katika nyinyi watatu sijaona hata mmoja aliyetazama ni wiki gani inayouzwa.

Soma ukurasa wa kwanza, mstari wa sita: "wiki moja ya kuelea, msimu wa buluu". Wiki ya kuelea haina tarehe yake. Kila mwaka mnapiga simu kuomba nafasi, na aliyewahi ndiye aliyepata. Ama hiyo buluu, ni desturi ya kampuni za kubadilishana wiki. RCI, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1974, iligawa mwaka kwa rangi: nyekundu ni msimu wa watu wengi, nyeupe ni wa katikati, buluu ni ule ambao hoteli zinabembeleza wageni. Nimefungua jedwali la nyuma, na buluu ya hoteli hii inaanza katikati ya Aprili na kuishia mwisho wa Juni. Mwanangu, wewe ni mtu wa Malindi, sina haja ya kukueleza miezi hiyo. Ni masika. Kusi limeanza, mwani umejaa ufuoni mpaka huoni mchanga, Sabaki imeshusha udongo wa bara na maji ya ghuba yamekuwa mekundu, na hoteli nyingine zimefunga kabisa zinapaka rangi. Mumeo alionyeshwa bwawa siku ya jua akaandikiwa wiki ya mvua. Ukitoa zile siku chache za mwisho wa likizo ya Aprili, watoto wako watakuwa darasani.

Haya, twende kwa mzee. Wiki huhesabiwa tangu Januari, kwa hiyo ya 7 ni katikati ya Februari. Yeye alichagua vizuri: kwao baridi kali, kwetu kaskazi na jua. Kwenu nyinyi, kwanza, shule zimefunguliwa. Pili, tazameni kalenda ya Kiislamu. Mfungo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na mwaka 2027 na 2028 wiki hiyo itaangukia ndani ya Ramadhani. Miaka yenu miwili ya kwanza mtakuwa mmelipia mapumziko ya ufuoni huku mmefunga, na jioni wewe uko kwenye jiko la meko mawili la fleti ya hoteli, unapika uji na mkate wa sinia ambao ungeupika kwako na majirani wakapata. Sasa niambie, hapo umepumzika wapi?

Kwa hiyo wiki zote mbili haziwafai, iliyo mpya na iliyo ya mtumba. Nyinyi wiki yenu ni ya Agosti au ya Disemba, shule zikiwa zimefungwa, na hiyo hakuna aliyewauzia.

Tuje kwenye pesa. Shilingi 780,000 ukizigawa kwa miaka 20 ni 39,000 kwa mwaka. Jumlisha ada 48,000, unapata 87,000 kwa wiki moja ya masika. Nimeipigia hoteli hiyo simu kama mteja yeyote, nikauliza fleti ya namna hiyo inakodishwaje. Nimeambiwa 9,000 kwa usiku miezi ya masika, na 14,000 mwezi wa Agosti. Usiku saba wa masika ni 63,000, hulipi arbuni wala ada, na usipotaka mwaka huo huendi. Kisha ada yenyewe haitakaa pale ilipo. Mkataba unasema itapanda "kulingana na gharama", na hakuna kiwango cha juu kilichowekwa. Ikipanda asilimia 7 tu kila mwaka, baada ya miaka kumi itakuwa kama 94,000. Mumeo atakuwa mzee wa pensheni, na ada italipwa hata mwaka ambao mguu hautaki kutoka nyumbani. Kifungu cha warithi hakimo kwenye kurasa ulizonitumia. Kitafuteni, mjue kama watoto watarithi wiki au watarithi bili.

Ya mzee je? Tuseme 180,000 na kama 20,000 za kubadilisha jina. Laki mbili kwa miaka 12 ni kama 16,700, ukiongeza ada ni 64,700 kwa mwaka. Nduguyo hakusema uongo, tofauti ni kubwa. Lakini jiulize kwa nini inauzwa bei hiyo. Ile bei ya kampuni ndani yake mna chakula cha mchana, mna kamisheni ya vijana wa mauzo, mna vocha za zawadi, na vyote hivyo huyeyuka mara tu wino unapokauka. Marekani, biashara hii ilikokomaa, watu huziweka wiki zao kwenye eBay, soko la mnada la mtandaoni, kwa dola moja, na mara nyingine hata hiyo dola haipatikani, kwa sababu anayenunua anajitwisha ada ya kila mwaka. Mzee wa wiki ya 7 anatafuta mtu wa kumpokea bili. Simlaumu, na huenda ni mtu mwema kabisa.

Kwa hiyo kama swali lako lingekuwa la jumla, kwa kampuni au mtumba, ningesema mtumba, na nisingesita. Ila mtumba nao una mambo yake, na hapo mumeo hakukosea moja kwa moja. Zile siku kumi nilizozitaja zinamlinda anayenunua kwa mfanyabiashara. Mzee anayeuza wiki yake binafsi si mfanyabiashara, kwa hiyo ukishatoa pesa umetoa. Marupurupu ya mwenye wiki mpya, kama punguzo la mkahawani au uanachama wa kubadilishana wiki, mara nyingi hayahami na jina. Mikataba mingi pia inawapa wenye hoteli haki ya kuinunua wiki wao kwanza kabla ya mtu wa nje. Ndiyo maana, siku mtakayonunua ya mtu, msimpe hata shilingi kabla hamjashika barua ya hoteli yenyewe, wala si ya nduguyo, inayosema wiki ni yake, hadaiwi ada, imebaki miaka kadhaa, na jina linaweza kuhamishwa. Mwombe na bili za ada za miaka mitatu iliyopita, muone inavyopanda. Kisha nendeni ofisi ya ardhi mfanye sachi ya kiwanja, yaani mtazame kwenye daftari zao kiwanja ni cha nani na kimebakiza miaka mingapi. Chini ya Katiba ya 2010 asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya zaidi ya kukodi kwa miaka isiyozidi 99, na viwanja vingi vya ufuoni vilikodishwa zamani. Mtu akikuahidi miaka 12, au 20, juu ya kiwanja kilichobakiza 8, hapo pana mazungumzo. Hilo la kiwanja liwahusu na kampuni pia. Malindi hii tumeziona hoteli zilizokuwa na wageni mpaka ngazini, leo popo ndio wenye vyumba. Hoteli ikifungwa, wiki yako inafungwa nayo.

Na yeyote atakayewapigia simu akisema ana mnunuzi wa wiki yenu, au ana muuzaji mzuri, ila mtume kwanza pesa ya makaratasi, mkatieni simu. Mchezo huo ni mkubwa duniani kiasi kwamba mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni zilizohusishwa na genge la Jalisco la Mexico, genge la madawa ya kulevya, kwa kuwatapeli wenye taimshea. Wanaoliwa sana ni wazee, kama huyo mwenye wiki ya 7.

Dubai na Uturuki nitazipitia upesi. Kubadilishana kupo kweli, RCI wanafanya, na Interval International, walioanza mwaka 1976, wanafanya. Unalipa uanachama, unalipa kila unapobadilisha, na tikiti ya ndege ni juu yako. Unachopewa kinapimwa kwa ulichotoa. Wiki ya masika ya Malindi haikutoi Dubai mwezi wa Disemba.

Sasa mumeo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kila mara nasimama pale uliposema aliuza madafu nje ya lile geti. Mtu aliyekuwa akifukuzwa na askari asikaribie wageni, leo amefunguliwa lango, amevutiwa kiti, ameitwa bwana, ameulizwa anataka juisi ya nini. Amekaa saa tatu na watu wanaocheka anapochekesha. Meneja ametoka mwenyewe kumpunguzia bei. Wewe ulikuwa kwenye hitma, hukuwepo kumbana mguu chini ya meza, na ingawa kwa kawaida huita mke na mume pamoja, safari hii waliona mume peke yake anatosha. Alichonunua pale si wiki ya kulala tu, na ukimwendea na kikokotoo cha simu umwonyeshe 87,000 dhidi ya 63,000 utashinda hesabu na kumpoteza yeye.

Anza na hamu yake. Mwambie, na awe anajua unasema kweli, kwamba miaka aliyokaa Mombasa na wewe huku peke yako na watoto inastahili mapumziko, na kwamba unataka kuingia kwenye lile geti pamoja naye. Kisha mwonyeshe ule mstari wa sita na lile jedwali, asome mwenyewe. Mtu wa Malindi akisoma "Aprili hadi Juni" hahitaji mke wa kumfafanulia. Akikwambia ameshatoa neno lake na kurudi nyuma ni aibu, mkumbushe kwamba siku kumi zimewekwa na sheria kwa ajili ya watu wazima wenye akili zao waliotia sahihi wakiwa wameshiba. Barua ya kuvunja aiandike yeye, aipeleke yeye. Wewe usiibebe, wala usimtume nduguyo, ambaye mkate wake uko pale pale.

Arbuni ikirudi, usiku tano wa Agosti kwenye fleti ile ile ni 70,000, na zinabaki kidogo za tuktuk na viazi karai. Nendeni kama wageni wanaolipa. Muone kama watoto wanapapenda, muone kama yeye mwenyewe siku ya tatu hajaanza kuuliza nani anamwagilia miche nyumbani. Nawajua wanaume waliozoea kazi, wengine kupumzika huwachosha. Mkirudi bado mnataka wiki yenu ya kila mwaka, basi tafuteni ya mtumba ya Agosti. Usiku saba wa Agosti ni 98,000; ukitoa ada 48,000 mnaokoa 50,000 kila mwaka, na wiki ya laki mbili pamoja na gharama zake inajilipa kwa miaka minne, ada isiporuka. Hapo nitakuwa upande wenu.

Kwa nduguyo kuna swali moja ambalo hukuniambia kama umemuuliza: mzee akiuza, yeye anapata ngapi? Si dhambi kupata, lakini ujue kabla hujaendelea kumnukuu mbele ya mumeo. Huenda mumeo ameshaliwazia hilo, na ndiyo maana hataki kusikia.

Limebaki la Disemba, ambalo umeliweka mwisho wa barua kwa mstari mmoja tu, na mimi nadhani ndilo lililokutuma uniandikie. Hoteli haitakuondolea wageni. Ukiwa na wiki ya masika au ya Februari, Disemba utalala chini vilevile. Mawifi na mashemeji wakae chini na mumeo, maana ni watu wake na sasa yupo nyumbani. Awapigie yeye kabla ya Novemba, awaambie mwaka huu mtapokea wageni wiki mbili za kwanza tu, watakaokuja waje kwa zamu, kila familia ije na mchele wake na msichana wa kusaidia jikoni. Atakayenuna mwache anune, Malindi ina nyumba za kupanga kwa siku mpaka vichochoroni. Na chumba chako cha kulala ukifunge kwa ufunguo tangu sasa, wakikuta kimefungwa wakija watajua hakigawiwi.